USIPOZIBA UFA: BIMA YA GARI NA KIOO CHA MBELE



Mwenye gari hapa Bongwe ana maadui watatu wa kioo cha mbele. Wa kwanza ni jiwe la barabarani. Wa pili ni nazi. Wa tatu ni yeye mwenyewe, pale anapoona ufa mdogo kwenye kona ya kioo akasema, "Aah, huu nitauangalia mwisho wa mwezi."

Wengi wetu tunalipa bima ya gari kila mwaka, au kila mwezi, bila kujua tunanunua nini. Tunataka askari akitusimamisha pale njia panda ya Ukunda akute bima iko sawa, basi. Siku kioo kinapopasuka ndipo tunapoitafuta ile karatasi na kuisoma kwa mara ya kwanza. Katika ukurasa huu tutaeleza, kwa lugha nyepesi, bima gani hulipa kioo na ipi hailipi, na mtu afanye nini ili asipoteze haki yake.

KISA CHA MNAZI

Tuanze na kisa cha mzee mmoja wa hapa kwetu. Mzee huyu ana pikapu ya kubeba nazi, maembe na saruji kati ya Bongwe, Ukunda na Kombani. Siku moja wakati wa kusi, upepo ukiwa mkali, aliegesha gari chini ya mnazi apate kivuli akanywe chai. Kabla kikombe hakijaisha, puu! Nazi kavu imetua katikati ya kioo cha mbele. Kioo chote kikawa kama utando wa buibui. Namshukuru Mungu, hakuumia mtu.

Mzee hakushtuka sana. Alitoa simu akampigia kijana wakala wa bima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kioo changu kimevunjwa na nazi. Naomba mnitengenezee, bima yangu haijaisha."

"Pole sana mzee. Lakini bima yako wewe ni thadi pati."

"Ndiyo, kwani hiyo si bima?"

"Ni bima mzee, lakini hiyo haikulipi wewe. Inamlipa yule uliyemgonga."

"Sasa mimi nimemgonga nani, mnazi?"

Watu waliokuwa kibandani walicheka, lakini mzee mwenyewe hakucheka. Pikapu ililala siku nane. Wateja wa saruji walitafuta gari lingine. Pesa za kununua kioo zilitoka katika fungu aliloweka kwa karo ya binti yake, na binti akarudi shule wiki moja baada ya wenzake. Yote hayo kwa sababu ya nazi moja na karatasi moja isiyosomwa.

BIMA ZA AINA TATU

Hapa Kenya bima za magari ziko za namna tatu, na kila moja hukitazama kioo kwa jicho lake.

Ya kwanza ni thadi pati. Hii ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405. Sheria ile inataka kila gari linalotembea barabarani liwe na bima ya kufidia watu wengine watakaoumia au kufa kwa sababu ya gari hilo. Kampuni nyingi huongeza juu yake fidia ya mali ya watu wengine, kama ukuta wa jirani au gari la mtu. Lakini gari lako wewe halimo, na kioo chako hakimo.

Ya pili ni thadi pati pamoja na moto na wizi. Gari likiungua au likiibwa, unalipwa. Lakini kioo kilichopigwa na jiwe hakikuungua wala hakikuibwa, kwa hiyo hapa pia hulipwi.

Ya tatu ni bima kamili, ile watu wanayoiita komprehensivu. Hii hulipa watu wengine, na pia hulipa madhara ya gari lako mwenyewe kwa ajali, moto au wizi. Bima ya kioo cha mbele huishi ndani ya bima kamili.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza leo ni hili: Je, mimi nina bima ipi? Usiulize rafiki. Fungua hati yako. Na kama cheti chako kimekuja kwa simu, maana tangu mwaka wa 2021 vyeti vya bima hutolewa kwa njia ya kidijitali badala ya ile stika ya karatasi tuliyozoea kubandika kiooni, basi mwambie wakala akupe hati kamili ya mkataba. Cheti huonyesha tu kwamba una bima. Hati ndiyo inayosema bima yenyewe inalipa nini.

KIPENGELE CHA KIOO

Hata ndani ya bima kamili, kioo kina kipengele chake cha pekee. Tafuta katika hati mstari unaotaja kioo cha mbele, au windskrini. Mara nyingi uko jirani na mstari wa redio ya gari. Hapo utakuta kiasi cha fedha. Hicho ndicho kikomo: kampuni haitalipa zaidi ya hapo kwa kioo.

Kampuni nyingi hutoa kikomo fulani bila malipo ya ziada, kwa mfano shilingi 30,000 au 50,000. Ukitaka kikomo kikubwa zaidi unalipa nyongeza, na kiwango kilichozoeleka ni asilimia 10 ya kile unachoongeza.

Kwa nini kioo kikatengewa kipengele chake? Ni kwa sababu ya kile wenye bima wanachokiita ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari anaibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa yake. Katika ajali ya kawaida ekses ya gari la binafsi huweza kufika shilingi 15,000 au zaidi. Kama kioo kingehesabiwa hivyo, mwenye gari angebaki na karibu nusu ya gharama mkononi. Kwa hiyo hati nyingi husema kwamba kioo kikivunjika peke yake, bila madhara mengine, hakikatwi ekses, na pia hakimpotezei mtu lile punguzo analopewa kwa kukaa mwaka bila kudai. Nasema hati nyingi, si zote. Isome yako.

Angalia maneno hayo "kikivunjika peke yake". Ukigonga ng'ombe pale Mwabungo, boneti ikakunjika, taa zikavunjika na kioo kikapasuka, hilo si dai la kioo tena. Hiyo ni ajali nzima, na ekses itakatwa.

TUPIGE HESABU

Tuseme una gari dogo la familia lenye bima kamili, na kikomo cha kioo ni shilingi 30,000. Jiwe limekivunja. Unaenda Mombasa, unaambiwa kioo kipya pamoja na kazi ni shilingi 48,000. (Bei hii ni ya mfano tu, magari hutofautiana.)

Bei ya kioo na kazi: 48,000
Kampuni inalipa: 30,000
Unatoa mfukoni: 18,000

Sasa tuseme siku ya kukata bima uliongeza kikomo kwa shilingi 20,000, kikawa 50,000. Nyongeza ni asilimia 10 ya 20,000, yaani shilingi 2,000. Juu yake kuna tozo za serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima na asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima. Kwa shilingi 2,000 hizo ni shilingi 9 tu. Jumla 2,009.

Yaani kwa shilingi 2,009 ungejiepusha na shilingi 18,000. Lakini hesabu hii ina upande wa pili. Kama kioo cha gari lako kinauzwa shilingi 20,000, kikomo cha 30,000 kinakutosha na kuongeza ni kutupa pesa. Kwa hiyo kabla ya kukata bima, piga simu kwenye duka la vioo uulize bei ya kioo cha gari lako, aina na mwaka wake. Ukishajua bei ndipo ujue kikomo.

Wenye magari mapya kidogo yaliyotoka Japani wawe macho zaidi. Baadhi yana kamera iliyofungwa nyuma ya kioo, karibu na kile kioo cha kutazama nyuma. Kioo kikibadilishwa, kamera hiyo inatakiwa kupimwa na kuwekwa sawa upya, na kazi hiyo ina gharama yake. Uliza kama kikomo kinaihesabu.

KIOO CHENYEWE KIMEUNDWAJE

Ili tujue lini kioo kinazibika na lini kinabadilishwa, tukijue kwanza.

Kioo cha mbele si kipande kimoja. Ni vipande viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja, katikati yake pana utando wa plastiki ulio imara. Mwanzo wa fikra hiyo unahesabiwa kwa Mfaransa mmoja, Édouard Bénédictus, aliyegundua mwaka wa 1903 kwamba chupa yenye utando ndani, ikianguka, hupasuka bila kutawanyika. Ndiyo maana kioo cha mzee wetu kilikuwa kama utando wa buibui lakini hakikumwagika. Ule utando ulikishika.

Vioo vya milangoni ni tofauti. Hivyo hupikwa kwa moto na kupozwa ghafla, na vikivunjika vinakuwa chembechembe kama chumvi ya mawe. Hivyo havizibiki kamwe. Ni kubadilisha tu.

Kioo cha mbele kina kazi nyingine watu wasiyoijua. Kinasaidia kushika paa gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hujiegemeza kiooni unapofunguka. Kioo kilichobandikwa ovyo kinaweza kutoka chote siku ya ajali. Kwa hiyo suala la kioo si la urembo wala si la kuogopa askari peke yake. Ni suala la roho za watu.

KUZIBA AU KUBADILISHA?

Jiwe dogo likipiga, mara nyingi hutoa kidonda tu kwenye kipande cha nje. Kidonda hicho kinazibika. Fundi mwenye vifaa hunyonya hewa iliyomo, akaingiza gundi maalum ya maji maji, kisha akaikausha kwa mwanga. Kazi huchukua chini ya saa moja na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kioo kipya. Kampuni nyingi hupenda kulipa ya kuziba kuliko kununua kioo, kwa sababu na wao wanaokoa.

Kwa kawaida kuziba kunafaa ikiwa:

- kidonda hakizidi ukubwa wa sarafu;
- hakiko mbele ya macho ya dereva, maana hata kikizibwa vizuri hubaki alama kidogo;
- hakiko ukingoni mwa kioo, ambako nguvu za bodi hukivuta;
- kipande cha ndani hakijaguswa;
- hakijaingia vumbi na maji kwa muda mrefu.

Hapo pwani hatuna muda wa kungoja. Gari linaanikwa juani mchana kutwa pale Diani, kioo kimekuwa moto kama kikaango. Dereva anaingia, anawasha baridi ya gari kwa nguvu zote. Nje moto, ndani baridi: kidonda cha ukubwa wa punje ya mtama kinatembea mpaka upande wa pili wa kioo. Mashimo ya barabara za ndani nayo hulikunja bodi kila gurudumu linapozama, na ufa unazidi. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na magari, lakini waliyajua haya.

Kwa hiyo jiwe likikupiga leo, weka kipande cha selotepu safi juu ya kidonda vumbi lisiingie, egesha kivulini (si chini ya mnazi!), punguza baridi, na umtafute fundi wiki hiyo hiyo.

Ikibidi kubadilisha, mwangalie fundi kwa makini. Kioo hushikwa na gundi nzito, na gundi hiyo inahitaji saa kadhaa kabla gari halijatembea. Muulize ni saa ngapi na umtii. Na kwetu sisi tunaoishi na upepo wa chumvi, fremu ya kioo ikikwaruzwa rangi inashika kutu haraka. Fundi aipake dawa ya kutu kabla ya gundi. La sivyo, masika ijayo maji yataingia kwenye dashibodi.

JIWE LA LORI: NANI ALIPE?

Swali hili huulizwa sana. Unatoka Msambweni kwenda Ukunda, mbele yako kuna lori la kokoto au trela la miwa. Jiwe linaruka, kioo kwisha. Je, bima ya lori itakulipa?

Hapa kuna mambo mawili tofauti. Ikiwa jiwe lilikuwa barabarani na tairi la lori likalirusha, ni vigumu kupata kitu. Ili ulipwe na bima ya mwenzako ni lazima uonyeshe kwamba alifanya uzembe, na dereva anayeendesha kwa utaratibu hawezi kulichagua jiwe la kukanyaga. Hapo unarudi kwenye kipengele cha kioo cha bima yako mwenyewe.

Lakini ikiwa jiwe lilidondoka kutoka kwenye mzigo usiofunikwa au uliojazwa kupita kiasi, hilo ni jambo jingine. Huo ni uzembe, na bima ya lori inayofidia mali za watu wengine inaweza kudaiwa. Chukua namba ya lori, picha ikiwezekana, saa na mahali, na jina la shahidi. Toa ripoti polisi na upate abstrakti. Usimfukuze dereva kwa kasi ili umsimamishe. Kioo kinanunuliwa, roho hainunuliwi.

Akikataa kulipa, sheria inakupa miaka 3 kufungua kesi ya uharibifu wa namna hiyo. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, ambako mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

MAMBO YANAYOFANYA DAI LIKATALIWE

Hapa ndipo wengi wanapolia. Tuyataje moja moja.

Ufa wa zamani. Bima hulipa hasara ijayo, si iliyokwishatokea. Kama kioo kilikuwa na ufa siku unakata bima, na hukusema, kampuni ikigundua itakataa. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli. Ukificha, unaubomoa mwenyewe.

Matumizi tofauti. Hili ni kubwa sana kwetu sisi. Mtu amekata bima ya gari la binafsi, lakini jioni anabeba wageni wa hoteli kwa malipo. Au pikapu imekatiwa bima ya kubeba mizigo ya mwenyewe, lakini inabeba saruji ya watu kwa nauli. Kampuni ikijua, ina sababu ya kukataa dai, si la kioo tu bali hata la ajali kubwa. Kama gari ni la biashara, likatie bima ya biashara. Ni ghali zaidi, lakini ndiyo bima ya kweli.

Fujo na maandamano. Jiwe lililorushwa na mtu katika vurugu za kisiasa si sawa na jiwe la tairi. Baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008 Wakenya wengi walijifunza hili kwa uchungu. Bima nyingi huliondoa jambo hilo isipokuwa ukinunua nyongeza yake. Uliza.

Ada haijalipwa. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, inataka ada ilipwe ndipo kampuni ibebe hatari. Ahadi ya mdomo kwa wakala, "nitakutumia Ijumaa", si bima. Lipa kwa kampuni yenyewe na udai risiti.

Kutengeneza kwanza, kuuliza baadaye. Ukibadilisha kioo kabla kampuni haijatoa idhini, hawana cha kukagua, na unaweza kuambiwa ubebe mzigo wako.

HATUA ZA KUFUATA KIOO KIKIVUNJIKA

1. Simama mahali salama. Kama huoni mbele, usiendelee. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila sehemu ya gari iwe katika hali isiyohatarisha watu.

2. Piga picha: kioo chote, kidonda kwa karibu, na namba ya gari ionekane.

3. Ijulishe kampuni au wakala siku hiyo hiyo. Andika saa uliyopiga na jina la aliyekujibu.

4. Uliza: Kikomo changu ni kiasi gani? Mnataka abstrakti ya polisi? Mna fundi wenu au nilete makadirio?

5. Jaza fomu ya madai. Ambatisha nakala ya logibuku, leseni ya aliyekuwa akiendesha, picha na makadirio ya bei.

6. Ngoja idhini kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, lakini uuhifadhi.

7. Kazi ikiisha, kagua kabla ya kutia sahihi. Mwaga maji juu ya kioo uone kama yanapita.

8. Uliza kama kikomo kimerudi. Katika mikataba mingine, ukishalipwa kioo kimoja, kikomo huwa kimetumika mpaka ulipe kidogo kukirudisha. Usije ukavunja cha pili mwaka huo huo ukadhani bado unacho.

MASWALI YA WASOMAJI

Je, vioo vya milango vimo?
Katika hati nyingi kipengele hutaja kioo cha mbele pamoja na vioo vya madirisha. Lakini vioo vya pembeni vya kutazama nyuma na vioo vya taa kwa kawaida havimo. Vikiibwa usiku, na wezi wa sehemu hizo tunawajua, hilo ni dai la wizi wa vifaa, lina masharti yake. Wengi huvichora namba ya gari ili wezi wasivipende.

Mimi nina tuktuk. Nifanyeje?
Tuktuk nyingi za Ukunda zina thadi pati na bima ya abiria tu, kwa hiyo kioo ni juu yako. Habari njema ni kwamba kioo chake ni kidogo na bei yake si ya kutisha. Weka akiba ya shilingi 20 kila siku ya kazi. Kwa siku 300 ni shilingi 6,000. Hiyo ndiyo bima yako ya kioo. Matatu nazo ni hivyo hivyo: wenye magari ya chama kimoja wanaweza kuchanga mfuko wa vioo.

Kampuni inanizungusha. Niende wapi?
Kwanza andika barua kwa meneja wa madai wa kampuni, weka nakala. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, ambayo ilianza kazi mwaka wa 2007 na kazi yake mojawapo ni kuwalinda wenye bima. Huduma hiyo si ya kulipia.

Nitajuaje kampuni ni ya kweli?
IRA hutoa kila mwaka orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni. Angalia kabla ya kulipa. Usidanganywe na jina kubwa peke yake: Kenya National Assurance ilifungwa mwaka wa 1996, United Insurance ikawekwa chini ya usimamizi mwaka wa 2005, na Blue Shield mwaka wa 2011. Waliokuwa na madai walihangaika.

KWA VIKUNDI VYENYE GARI LA PAMOJA

Siku hizi vikundi vingi vya kina mama na vijana vinajikusanya na kununua gari. Ni jambo jema. Lakini gari la watu wengi lina hatari moja: kila mtu anadhani mwenzake amesoma hati. Kioo kikivunjika, mweka hazina anamtazama mwenyekiti, mwenyekiti anamtazama dereva, na dereva anakatwa mshahara kwa kosa la nazi.

Tunashauri mambo manne. Hati ya bima isomwe kwa sauti mbele ya wanachama siku inapokatwa. Kikomo cha kioo kiandikwe kwenye daftari la mikutano. Dereva apewe namba ya simu ya wakala na ruhusa ya kupiga bila kungoja kikao. Na iandikwe mapema nani anabeba nini: uharibifu wa bahati mbaya ni wa kikundi, wa uzembe ndio uulizwe kwa dereva.

Tumalizie na yule mzee wetu. Mwaka uliofuata alikata bima kamili ya biashara, kwa matumizi yake ya kweli, baada ya kuuliza bei ya kioo. Ni pesa nyingi kuliko thadi pati, na alilalamika sana. Miezi mitano baadaye kokoto moja ilikipiga kioo karibu na daraja la Ramisi, kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi. Siku hiyo hiyo alipiga simu, siku ya tatu kikazibwa, yeye hakutoa shilingi. Pikapu ilikosa kazi asubuhi moja tu.

Bado anakunywa chai pale pale kibandani. Ila gari analiegesha chini ya mwembe, na hata hapo hutazama kwanza juu.